Ache Chorol na Dzomo wa Mkuu wa Kijiji

Kwa hiyo sasa kosa ni la Ache Chorol? Dzomo, mnyama mzima, ateleze mwenyewe kwa miguu yake minne, alaumiwe mwalimu wa watoto? Nimeshasema dukani, nimesema pale kwenye gurudumu la sala, narudia hapa: mtu akiniambia tena kwamba yule dada anafundisha watoto vurugu na wizi, tutakosana. Na mimi sijui kukosana nusunusu.

Tena wizi wa majivu. Majivu, jamani. Mtu amekaa kitako kabisa, amekunywa chai, akamwita mwenzake mwizi wa majivu.

Aliyesema hivyo ni Goba Tundup, mkuu wetu wa kijiji, tena Losar, mwaka mpya, siku ambayo hata mahasimu wanatakiana heri. Akasema bwawa lifungwe mpaka barafu iyeyuke, na Chorol asiguse tena mtoto wa mtu. Kwa wengine hilo ni suala la bwawa tu. Kwa Chorol ni kumwambia mtu apumzike kupumua mpaka mwakani. Baridi ikishaingia hana kitu kingine. Mume hana, hataki, msimuulize. Ana mama mwenye magoti mabovu, ana jiko, na ana wale watoto asubuhi pale barafuni. Basi.

Wengi wanaomsema hawamjui, ngoja niwaambie ni nani.

Ni mfupi, mabega mapana, pua imeungua na jua la theluji mpaka inabanduka kama ganda la kiazi. Kiangazi anawapikia watalii wanaopanda milima yetu. Anatembea na farasi, masufuria na jiko moja la mafuta ya taa, na jioni watu kumi wanakula wakashiba. Barabara ya juu ikifungwa, watalii wanarudi kwao, farasi wanapumzika, yeye anashuka bwawani na fimbo ya hoki.

Bwawa lenyewe ndilo lile la kumwagilia shayiri. Baridi likiganda tunaligawa. Nusu ya chini ni ya mifugo, kuna tundu limekatwa la kunyweshea. Nusu ya juu ni ya hoki. Wakubwa wanacheza jioni. Watoto wanapata asubuhi, kuanzia kunapokucha mpaka jua livuke mlima wa mashariki na kulainisha barafu. Ukichelewa kuamka, umekuta supu.

Na yeye alijifunza kwenye supu hiyohiyo. Enzi zake wasichana walipewa barafu wavulana wakishachoka, yaani jua limeshapiga, juu kuna rojorojo. Viatu vya kaka yake, amevijaza soksi za sufu mpaka vidole vinalia. Asubuhi nzima anakaa ukingoni anatazama. Wakimpisha, anafanya yote aliyoyaona kwa mpigo mmoja, ateleze, ageuke, apokee, apige, kwa sababu nani anajua kama kesho watampisha? Mazoezi yake yametoka hapo. Hakuyaokota kwenye simu.

Vijiji vingine wanafundisha hivi: leo kuteleza, kesho kutoa pasi, keshokutwa kupiga goli. Watoto wanapangwa mstari kama wanasubiri sindano ya hospitali. Mmoja anateleza, waliobaki wanagandisha kamasi. Kuna jamaa mmoja wa Leh, mjini, alipita kwetu na filimbi shingoni, akamwuliza Chorol, "Dada, mbona mimi sioni mpango hapa?"

Chorol akamjibu, "Kaka, wewe una majiko mangapi kwako?"

"Matatu."

"Basi pika wali huku, mboga kule, nyama kule. Mimi nina moja."

Jamaa akacheka, akaondoka na filimbi yake. Hakuelewa, lakini alicheka, na huo ni mwanzo.

Zoezi lake kubwa analiita skyu, kama kile chakula chetu, vipande vya unga, viazi, karoti na nyama, vyote sufuria moja. Linakwenda hivi. Mtoto anaanza amepiga magoti. Anainuka bila kushika chini, anakimbiza kwa fimbo kisahani cha mpira, kile kinachopigwa golini, mpaka kwenye dumu la maji, analizunguka kwa kukata kona fupi. Hapo anageuka, anateleza kinyumenyume, na mwenzake anamrushia pasi akiwa bado anarudi nyuma. Anairudisha, anaruka fimbo iliyolazwa, anaipokea tena, halafu mbele yake anatokea mwizi, yaani mwenzake wa kumnyang'anya kisahani. Amlambe chenga, ampige kipa goli. Kipa ni mimi, nimefungwa godoro la babangu la jeshini miguuni kwa kamba. Akishapiga, afunge asifunge, haendi kupumzika. Yeye ndiye mwizi wa anayekuja. Na yule mwizi wa kwanza anakimbia kwenda kutoa pasi. Na mtoa pasi anapiga magoti. Kila mtu ana kazi, hakuna aliyesimama, na wote wanapiga kelele.

Ukitazama kwa mbali ni kweli inafanana na mbuzi walioona chui. Ukitazama kwa karibu utaona kila mtoto kichwa kimeinuka. Hapo ndipo penyewe. Kwenye mstari mtoto anatazama miguu yake. Kwenye skyu akitazama miguu ameumia.

"Macho juu, Otzer," Chorol anapiga kelele. "Kisahani hakijapotea, kipo hapohapo ulipokiacha. Kinachokuja ni Zangmo."

"Nimemwona, Ache."

"Umemwona baada ya kukuangusha. Hata mimi nilimwona."

Anasahihisha kitu kimoja kwa mtoto mmoja, basi. Anaweza kuona makosa saba, atasema moja, mengine anameza. Nikamuuliza siku moja kwa nini anawaachia. Akasema, "Ukimwambia mtoto chumvi imezidi, viazi vibichi, na moto mdogo, ataacha kupika."

Shida ni kwamba skyu halikubaki bwawani. Watoto walilipeleka nyumbani. Kunzes, mjukuu wa Goba Tundup, mdogo kama kidole na mkorofi kama wote, alikuwa anaingia jikoni kinyumenyume, anakwapua mkate wa khambir juu ya jiko la chuma, anazunguka nguzo, anampasia mdogo wake, anaruka miguu ya babu, mkate unarudi kwake, anatokea mlangoni. Goba alikuwa anabaki na siagi tu mkononi. Alikuja bwawani kulalamika.

"Chorol, unafundisha hoki au unafundisha uvamizi?"

"Alidondosha mkate, Goba-le?" akauliza Chorol, kwa ile -le yetu ya heshima.

"Hakudondosha."

"Aliinua macho?"

"Alinitazama usoni kabisa."

"Basi anaendelea vizuri. Nitamwambia aache mikate."

Goba alijizuia kucheka, ila ndevu zilimsaliti. Nawaambia hilo mjue kwamba hakuwa adui. Ni mtu mzima, mzito, anapenda heshima na anampenda yule dzomo wake kuliko baadhi ya ndugu zake. Dzomo anaitwa Mendok. Baba yake yaki, yule fahali wa milimani mwenye manyoya marefu, mama yake ng'ombe, na amerithi kiburi cha pande zote mbili. Maziwa yake ndiyo siagi ya nyumba ile nzima, chai yote, taa zote za chumba cha sala. Akiumia Mendok, nyumba ya Goba inakunywa maji ya moto.

Sasa, majivu. Ile njia ya mifugo kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu la maji lazima imwagiwe majivu kila asubuhi, kwato zisiteleze. Nyumba zinapokezana zamu. Na sisi pia tunatumia majivu, Chorol anachora mistari ya uwanja kwa hayo, anatoa kwake na kwetu. Lakini siku za kwanza za Losar hakuna nyumba inayotoa majivu nje wala kufagia kwenda nje, maana utakuwa umetupa bahati ya mwaka mzima kwenye theluji. Kwa hiyo nyumba yenye zamu siku hizo inatoa gunia zima mapema, kabla mwaka haujageuka, inaliweka nje ya mlango. Safari hii zamu ilikuwa ya nyumba ya Goba. Na Goba mwenyewe alilitoa gunia, alilisimamisha ukutani, watu walimwona.

Asubuhi ya Losar kijiji kizima kimelala na pombe ya shayiri kichwani. Walioamka ni watoto, Chorol, mimi, na mifugo, kwa sababu mifugo haijui mwaka mpya. Aliyepewa kazi ya kumwaga majivu alikuwa mkwe wa Goba. Akatoka, akatazama ukutani, hakuna gunia, akaona labda mtu ameshamwaga, akafungua zizi, akarudi kulala. Hivyo tu.

Sisi tulikuwa katikati ya skyu. Nilikuwa golini, nimeinama, nasubiri Otzer apige, nikaona Otzer amesimama anatazama nyuma yangu. Nikamwambia, "Piga, wewe, unatazama nini?" Akasema, "Mendok."

Nikageuka. Mendok alikuwa anakuja kwenye njia isiyo na majivu hata chembe, kichwa juu, kama mke wa afisa. Mguu wa mbele ukaenda kulia. Wa pili ukaenda kushoto. Ya nyuma ikafikiri kidogo, halafu nayo ikaenda kila mmoja njia yake. Akakaa chini kama meza iliyovunjika miguu, akaanza kuzunguka taratibu, akiteleza kuelekea tundu la maji, akitutazama mmojammoja kwa zamu.

Nilicheka. Wote tulicheka, sitaki kudanganya. Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Chorol, kwa sababu alimwona Kunzes.

Kunzes hakuwa na viatu vya barafu, vile vyenye chuma chini. Wadogo wengi hawana. Wanacheza na mabuti ya mpira, wanateleza teleza pembeni. Alipomwona dzomo wa babu yake anaelekea kuzama, akakimbia. Na buti la mpira kwenye barafu iliyofagiwa halikimbii, linaruka. Akaanguka kifudifudi, akapita kando ya Mendok kama kisahani, moja kwa moja kuelekea tunduni. Mkono ukaingia majini mpaka begani.

Chorol hakupiga kelele. Alikuwa mbali, karibu na dumu. Alikuja kwa hatua tatu nne za kusukuma, akajitupa chini kwa tumbo ili barafu ya ukingo wa tundu isimvunjikie, akanyoosha fimbo, akanasa kofia ya koti la Kunzes kwa ncha iliyopinda ya fimbo, akamvuta. Mtoto akatoka na mkono unaochuruzika maji, na kabla hajalia mkono wa koti ulikuwa umeshakuwa ubao.

Akanirushia mimi yule mtoto, namaanisha alimtelezesha kweli, akaja mpaka miguuni kwangu. "Mvue koti, mpe lako." Nikampa langu. Halafu akawageukia wale wengine.

"Mendok akijitanua zaidi nyonga zitapasuka. Otzer, Zangmo, skafu zenu. Fungeni miguu yake ya nyuma pamoja, kisha ya mbele. Nendeni kwa tumbo, kama mlivyoniona. Gyalson," hapo ananiambia mimi, "lete kitu cha kumlaza."

Kitu gani? Kunzes namkabidhi kwa dada yake, nafungua godoro miguuni, nalitazama, dogo. Natazama juu. Nyumba ya karibu ni ya Goba, na ukutani mwa Goba kuna zulia. Lile la wageni, lenye joka, limetandazwa kwa ajili ya Losar, wageni waje walione. Ningefanyaje, nibishe hodi? Nikalivuta.

Wakamfunga miguu. Mendok alikuwa anapumua moshi, anatoa ulimi. Tukampindua kwa fimbo, wote upande mmoja, mpaka akalalia zulia. Halafu nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka. Chorol hakuwa na haja ya kueleza. Alisema, "Wavutaji, kinyumenyume." Wenye viatu vya barafu wakashika pindo la zulia, wakageuza migongo kuelekea ukingoni, wakaanza kukata barafu kinyumenyume, macho juu, kila mmoja anamtazama mwenzake asimkanyage. "Wasukumaji." Wengine wakaweka fimbo nyuma ya dzomo, wakainama magoti. "Msikimbie. Mkate kona kwenye dumu." Lile furushi likakata kona kwenye dumu, naapa, likaliacha dumu limesimama. "Breki." Visigino vyote vikageuka pamoja, unga wa barafu ukaruka, Mendok akafika ukingoni kwenye changarawe kama bibi harusi.

Tukamfungua. Akasimama, akajikung'uta, akatutazama kwa dharau, akalinyea zulia la joka.

Ndipo Goba Tundup akatokea, kofia ya sherehe imekaa upande. Alichokiona yeye ni hiki: mjukuu wake amevaa koti langu na mkono umelowa, dzomo wake anatetemeka, zulia lake lina mavi, na barafuni mistari mizuri ya majivu tuliyochora sisi jana yake. Akaangalia ile njia ya mifugo, tupu. Akaangalia mistari. Akajumlisha mwenyewe.

"Majivu yangu yako wapi, Chorol?"

"Sijui, Goba-le."

"Nimeliweka gunia ukutani mimi mwenyewe. Halipo. Na hapa kuna majivu."

"Haya ni ya kwangu, na ya kwa kina Gyalson."

"Gunia zima limekwenda kuchora duara za michezo. Mtoto nusura afe. Dzomo nusura afe."

Mimi nikadakia, "Goba-le, wewe uliyelala ndio unajua zaidi ya sisi tuliokuwepo?" Chorol akanikanyaga mguu kwa kiatu cha chuma. Kovu ninalo.

Akalifunga bwawa palepale, akasema wazee wakutane kesho yake kupitisha. Chorol akainama. Alikusanya madumu yake. Usiku ule, kwa kusimuliwa na mama yake, alikaa anapaka viatu vya watoto mafuta ya mgando kwenye vyuma, kama mtu anayeviweka vya mwakani, na hakula.

Kikao kilikuwa jikoni kwa Goba, kuzunguka jiko la chuma, wazee wamekaa kwa ukubwa kuanzia juu mpaka mlangoni. Chorol karibu na mlango. Mimi nyuma ya mlango. Kule pembeni kabisa, pahali pa joto, alikaa Abi Yangdol, mama yake Goba, anazungusha gurudumu lake la sala na kusinzia. Masikio yake yalikufa siku nyingi. Ukitaka akusikie lazima umpe Kunzes ujumbe, Kunzes aupige kelele sikioni kwa Abi.

Wakasema wee. Mmoja akasema watoto wafundishwe kwa mstari kama shule, wakiwa kwenye mstari hawawezi kuanguka tunduni. Mwingine akasema huyu dada ni mzuri lakini mazoezi yake yana mambo mengi mno kwa wakati mmoja, mtoto akili itachanganyikiwa. Nikasema nyuma ya mlango, "Akili zilizochanganyikiwa ziliokoa dzomo."

"Nani huyo?"

"Ni Gyalson."

"Mwambieni akae."

"Nimekaa."

"Basi asimame aende nje."

Sikwenda. Goba akasema, "Mimi sina ugomvi na hoki. Nina ugomvi na wizi. Mtu akichukua majivu ya mifugo kuchorea mchezo, huyo kesho atachukua nini? Chorol, sema tu ulichukua, tuyamalize."

"Sikuchukua," Chorol akasema. "Nikisema nilichukua mtanirudishia bwawa?"

Watu wakatazamana. Goba akasema labda, akikubali kosa. Nikaona Chorol anafikiri. Nawaambieni, alikuwa anafikiria kweli kudanganya, kujivika wizi, ili watoto wapate barafu. Mdomo ulishafunguka.

Ikawa kimya, na kile kimya ndicho kilichomwamsha Abi Yangdol. Wazee kama wale wanalala kwenye kelele. Akamgusa Kunzes.

"Wanasema nini?"

Kunzes akapiga kelele sikioni, kijiji cha ng'ambo kilisikia, "Wanasema majivu yameibiwa, Abi."

"Majivu ya nani?"

"Ya kwetu. Gunia."

"Nani ameiba? Yapo chini ya kitanda changu."

Gurudumu la sala likaendelea kuzunguka, krii, krii. Goba akainuka, akaenda chumba cha pili, tukasikia kitu kizito kinaburuzwa. Akarudi amesimama mlangoni na gunia, majivu mpaka kwenye ndevu.

"Ama-le," akasema. Akakumbuka hasikii. "Kunzes, muulize bibi yako kwa nini."

Kunzes akauliza. Abi akamtazama mwanawe kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea.

"Nilitoka nje kujisaidia nikaona bahati ya nyumba yako imesimama ukutani, iko tayari kuondoka. Mchana wa kuamkia Losar. Baba yako alikufundisha hivyo? Nikaliingiza. Peke yangu, na huu mgongo. Nikajua kesho mtanishukuru, mkalala."

"Lilikuwa la mifugo. Linawekwa nje mapema, mila inaruhusu."

Kunzes akafikisha.

"Mila gani? Mila ndio mimi," Abi akasema, akafumba macho. Halafu akafungua moja. "Na sasa kama bwawa linafungwa kwa sababu ya majivu, nifungieni mimi. Sitelezi mimi."

Mzee mmoja akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichovaa kofia. Kikaambukiza. Goba peke yake hakucheka. Alisimama na gunia lake muda mrefu.

Kwetu mkuu wa kijiji haombi radhi mbele ya watu, halijawahi kutokea. Aliweka gunia chini. Akanawa mikono. Akachukua birika la chai ya siagi kutoka jikoni, akawapita wazee wote kuanzia wa juu, wote vikombe vitupu wanatazama, akaenda mpaka mlangoni, akamjazia Chorol kikombe. Chorol akanywa funda. Akamjazia tena. Akanywa, akajaziwa. Mpaka alipofunika kikombe kwa kiganja, maana yake basi, imetosha, nimepokea.

"Hiyo siagi ni ya Mendok," Goba akasema.

"Nimeitambua, Goba-le. Ina kiburi."

Bwawa likafunguliwa. Lakini Goba ni Goba, hawezi kufungua kitu bila kukitia kufuli. Moja, patajengwa uzio wa miti kati ya nusu ya mifugo na nusu ya hoki, na nitaujenga mimi, kwa sababu ya zulia. Nimeshaujenga, na zulia nimelifua, na harufu bado ipo, na sijuti. Mbili, ndiyo hii iliyotuumiza: hakuna mtoto kukanyaga barafu na mabuti ya mpira. Bila viatu vya barafu, abaki ukingoni. Nilitaka kubisha. Chorol akaniambia, "Hapo ana haki. Uliuona ule mkono." Nikanyamaza, mara moja kwa mwaka.

Sasa asubuhi skyu linapikwa kama kawaida, lakini sufuria limepungua. Wenye viatu ni wachache. Wakubwa wanavua wanawapa wadogo katikati ya zoezi, lakini mpaka umefungua kamba zilizoganda, umejaza soksi, umefunga tena, jua limeshavuka mlima. Chorol amewapa wa ukingoni kazi za nchi kavu, kupiga kisahani juu ya bati, kupasiana wakiwa wanarudi nyuma kwenye changarawe. Wanafanya. Jana Kunzes amefanya mpaka bati limetoboka. Halafu akakaa juu ya dumu, akatazama wenzake, kama alivyokuwa akikaa Chorol enzi zake, na Chorol alipomwona akajifanya anakwangua barafu kwenye fimbo.

Kwa hiyo nyinyi mnaosoma, mliocheza zamani, mnaoishi mjini, mnaopita kwenye masoko ya mitumba ya jeshi, wenye watoto waliokua miguu ikakimbia mbele ya viatu: hivyo viatu vya barafu vilivyolala stoo vinaota kutu, vitoeni. Saizi ndogo, za miguu ya miaka sita mpaka kumi. Hata kama chuma kimechakaa tutakinoa, hata kama kamba hazipo tutasokota za sufu. Viwekeni kwenye lori lolote linalokuja juu, andikeni Ache Chorol, bwawani, dereva atajua. Msitume pole, msitume ushauri wa mistari. Tumeni viatu, na mtume wiki hii.